Nani Aketi Katika Bodi ya Polisi?

Rafiki yangu mmoja, aliyestaafu akiwa inspekta wa polisi, ana kauli yake ambayo huitoa kibarazani kila mazungumzo yakigusa kazi yake ya zamani. "Mwalimu," huniambia, "mtu ambaye hajapata kusimama gizani mbele ya jambazi mwenye panga hana haki ya kumhukumu aliyesimama." Akishasema hivyo hupiga funda la kahawa na kutazama barabarani, kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu na sasa angoja kesi nyingine. Wenzetu, ambao wengi ni wastaafu wa bandari na wa reli, hutikisa vichwa kwa kumwafiki. Kauli yenyewe ni nzito na ina sauti ya haki. Nimeisikia kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi nimeinyamazia kwa heshima ya urafiki. Sura hii naiandika kwa sababu naona kunyamaza kwangu kumeanza kufanana na kukubali.

Mara ya mwisho aliitoa Juni 2025, juma lile ambalo nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya kifo cha Albert Ojwang. Msomaji atakumbuka kuwa kijana huyo alikuwa mwalimu. Alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi yaliyosemekana kumchafulia jina mkubwa mmoja wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kabla ya kucha akawa amekufa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walitangaza kwamba alikuwa amejigongesha kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili wakakataa: majeraha yale hayakuwa ya mtu aliyejiumiza mwenyewe, na shingo ilikuwa imekabwa. Mamlaka huru ya kuangalia utendakazi wa polisi, ile ambayo sote tunaijua kwa jina la IPOA, ikaishika kesi, na kabla ya mwezi kwisha watu sita, miongoni mwao mkuu wa kituo, wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Wote walikana. Juu ya hatia yao sisemi neno, kwani hiyo ni kazi ya jaji. Nasema tu kwamba habari ya kwanza tuliyopewa, ile ya ukuta, ilikuwa habari ya polisi juu ya polisi, na kama pasingekuwa na mtu mwingine wa kuuliza, ingebaki kuwa habari ya kwanza na ya mwisho.

Inspekta wangu hakuitetea habari ya ukuta. Ni mtu mwungwana. Lakini alisema kwamba IPOA ina mawakili wengi na watu wa haki za binadamu, watu wa vitabu, na kwamba ingefaa nusu ya viti vya bodi yake wapewe askari waliopata kufanya kazi. "Nusu kwa nusu," alisema. "Kuna haki gani zaidi ya hiyo?"

Nusu kwa nusu ina utamu wake masikioni. Mama akigawa chapati moja kwa watoto wawili hukata katikati, na ugomvi ukaisha. Lakini katika jambo hili wanaogawiwa si watoto wawili wenye njaa moja. Mmoja wao ndiye aliyeshtakiwa.

Isitoshe, hoja hii haikuzaliwa kibarazani kwetu. Mimi niliikuta New York mwaka 1992, na kule walikuwa wamekwisha kuigeuza na kuigeuza tena kwa miaka karibu arobaini. Naomba msomaji anivumilie nimpeleke huko, kwa kuwa jiji lile limejaribu kila mpango ambao sisi twaupigia kelele leo, na matokeo yake yanajulikana.

Nilikwenda New York Agosti mwaka huo kwa likizo ya masomo ya mwaka mmoja, kusomea uongozi wa elimu. Niliondoka Kenya nikiwa na picha mbaya kichwani. Machi ya mwaka huohuo polisi walikuwa wamewapiga kwa virungu kina mama waliokusanyika Uhuru Park kudai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa, na Wangari Maathai akapigwa hadi akapoteza fahamu. Kina mama wale wangemshtakia nani? Mtu aliyepigwa na polisi siku zile aliandikisha malalamiko yake katika kituo cha polisi, mbele ya meza ya askari, na kalamu ilikuwa ya askari.

Nilipanga chumba Brooklyn, kwa mama mmoja wa Barbados, muuguzi mstaafu. Jioni ya tarehe 16 Septemba nilirudi kutoka darasani nikamkuta amesimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni, chakula kinaungua jikoni. Askari wapatao 10,000 waliokuwa nje ya zamu walikuwa wameandamana hadi makao ya jiji. Maelfu kati yao walivunja vizuizi, wakapanda juu ya magari, wakajaza ngazi za jengo la meya, na kufunga njia katika Daraja la Brooklyn. Meya alikuwa David Dinkins, mtu mweusi wa kwanza kukikalia kiti kile, na katika maandamano yale alitukanwa kwa rangi yake. Diwani mmoja, Una Clarke, mzaliwa wa Jamaica, alieleza jinsi askari asiye zamuni alivyomzuia kuvuka barabara kwenda kazini kwake na kumtolea neno ambalo siliandiki hapa.

Walikuwa wameghadhibishwa na nini? Na pendekezo la meya kwamba bodi inayosikiliza malalamiko ya raia dhidi ya polisi iwe ya raia.

Mama yule alizima televisheni akaniambia: "Kama hivi ndivyo wanavyomfanyia meya, mchana, mbele ya kamera, mimi watanifanyia nini usiku?" Nimesoma vitabu vingi juu ya utawala tangu siku hiyo, na sijaona aliyeliweka swali hili vizuri zaidi.

Niliporudi chumbani sikulala. Kilichonishangaza hakikuwa ghasia, kwa maana ghasia nilikuwa nazijua. Kilichonishangaza ni kwamba watu 10,000 wenye bunduki waliona viti vichache katika bodi ni jambo la kupigania barabarani. Nikajua basi kwamba suala la nani aketi wapi, ambalo kwa mbali laonekana kuwa la makarani, ndilo kiini cha mambo yote. Kesho yake nikaanza kufuatilia historia yake katika maktaba, badala ya kusoma vitabu vya somo langu. (Mwalimu wangu alinipa alama ndogo muhula huo. Alistahili kunipa.)

Bodi ya kwanza ya namna hiyo jijini New York iliundwa mwaka 1953. Jina lake lilitaja malalamiko ya raia, lakini viti vyake vyote vilikaliwa na wakubwa wa idara ya polisi yenyewe. Mwaka 1966 Meya John Lindsay akaongeza raia wanne juu ya watu watatu wa polisi. Chama cha askari kikakusanya saini, kikalipeleka jambo hilo kwenye kura ya maoni Novemba ya mwaka huohuo, na kikabandika mabango ya msichana aliye peke yake akitoka katika kituo cha treni usiku, giza mbele yake. Maana yake ilikuwa wazi: mwenye duka au fundi viatu akikaa katika bodi, askari ataogopa kukulindia binti yako. Takriban asilimia 63 ya wapiga kura waliikataa bodi ile ya mchanganyiko, na ikafa kabla ya kutimiza mwaka. Polisi wakarudi kujisikilizia wenyewe kwa miaka ishirini zaidi.

Kisha, mwaka 1987, ikaja ile nusu kwa nusu ya inspekta wangu. Bodi ya watu 12, raia sita na watu sita wa idara ya polisi, nayo ikabaki ndani ya idara hiyohiyo. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1988, polisi wakapambana na watu katika bustani ya Tompkins Square, na malalamiko zaidi ya 100 yakafikishwa kwenye bodi. Askari wengi walikuwa wameficha namba za beji zao usiku ule, na waliopata kuadhibiwa wakawa wachache mno. Ajabu ni kwamba kulikuwa na picha za video. Watu waliona kwa macho yao lililotendeka, kisha wakaona bodi yenye mizani sawasawa ikishindwa kulipima. Ndiyo maana meya alisimama mwaka 1992 na kusema yatosha.

Sasa najua inspekta wangu ataniuliza: je, Mwalimu, wasema hakuna askari mwema anayeweza kumhukumu askari mwenzake kwa haki? Swali ni zuri. Kulijibu kwa habari za New York ni rahisi mno, kwa sababu hakuna ajuaye ni nani nchini kwetu anayelaumiwa. Nitalijibu kwa jambo nililolifanya mimi.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu ambacho sitakitaja. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza alikuja ofisini asubuhi moja, ameshika sikio la kushoto, na damu imekauka shingoni. Alisema mkufunzi wake wa hisabati alikuwa amempiga kofi nyuma ya bwalo jana yake jioni kwa kumjibu vibaya. Daktari wa hospitali ya wilaya aliandika kwamba kiwambo cha sikio kimepasuka. Niliita kamati ya nidhamu. Tulikuwa watu watano, wote wakufunzi, mimi nikiwa mwenyekiti.

Wanachuo wawili walikuja kushuhudia. Tuliwauliza maswali makali. Mlikuwa umbali gani? Mna hakika lilikuwa kofi? Je, nyinyi na mkufunzi huyu mna ugomvi wa alama? Kisha akaja mwenzetu. Tulimwambia karibu, pole kwa usumbufu, tueleze yaliyotokea. Akasema kijana aliteleza kwenye ngazi za bwalo, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha.

Msomaji, mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kipimo cha mvua cha chuo kilikuwa nyuma ya ofisi yangu, na wanachuo wangu walikiandikia daftari kila asubuhi saa tatu. Daftari lilikuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka pale nilipoketi. Sikulifungua. Nililifungua usiku, wenzangu wakiwa wamekwenda zao. Ilikuwa sifuri. Siku ya kabla yake pia sifuri.

Tuliandika: hakuna ushahidi wa kutosha. Ilituchukua muda usiofika saa moja, kisha tukanywa chai, na mkufunzi yule akanywa nasi.

Hakuna aliyetuhonga. Hakuna aliyetutisha. Wale wanne walikuwa watu wazuri. Wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki na niliwalilia. Lakini chuo kilikuwa na wakufunzi wawili tu wa hisabati, na mitihani ilikuwa karibu. Mke wa mkufunzi yule alikuwa akimfundisha binti yangu. Nilijua kwamba kesho yake, na kila kesho baada ya hiyo, nitakaa naye meza moja katika chumba cha walimu, ilhali kijana yule angemaliza mwaka wake na kwenda zake. Kwa hakika alikwenda mapema zaidi. Muhula wa pili hakurudi. Miaka kumi na saba baadaye nilikutana naye Mwembe Tayari akiuza vipuri vya magari. Alinitambua, akaniamkia kwa adabu, na nilipoanza kusema akageuza kichwa ili anisikilize kwa sikio la kulia. Hakutaja lolote. Nikanunua plagi mbili ambazo sikuwa na gari la kuzitia.

Wahenga walisema mwamba ngoma huivuta kwake. Hawakusema mwamba ngoma mbaya. Mikono yenyewe ndiyo huvuta, hata mwenyewe asipotaka, kwa sababu amekaa upande ule. Ukiweka askari sita na raia sita kuamua juu ya askari, wale sita wa kwanza wataketi wakijua kwamba kesho wapo zamu na ndugu za mshtakiwa, kwamba usiku wakiomba msaada kwa redio ni hao watakaokuja au wasije. Wakitoa hukumu ya haki hapo ni mashujaa, na haifai kujenga chombo ambacho kinahitaji mashujaa sita kila Jumatatu.

Ama ile hoja ya kwamba raia hajui kazi ya polisi, nayo naifahamu vizuri, kwa sababu sisi walimu tuliitumia miaka yote. Lakini hebu tuitazame. Mwanachuo wangu alipokwenda mazoezi ya ufundishaji, sisi wakufunzi wake tulimpa alama, kisha walikuja watahini wa nje kumtazama upya, watu wasiomjua yeye wala sisi. Hakuna mkufunzi aliyesema kwamba ametukanwa. Tulijua kwamba tunawapenda wanafunzi wetu, na zaidi ya hapo, kwamba alama zao ni alama zetu. Mtahini wa nje hakuwa bora kuliko sisi. Mmoja alisinzia nyuma ya darasa la tatu hadi watoto wakacheka. Lakini hakuwa na sababu ya kutuogopa wala ya kutupendelea, na hilo lilitosha kulipia nauli yake.

Askari anayejua giza na panga ana mahali pake mbele ya bodi, na mahali hapo ni kiti cha shahidi. Aje aeleze ni kwa nini alivuta bunduki, alisikia nini, aliona nini, alifundishwa nini chuoni. Raia wakisikiliza kwa makini wataelewa. Wenye magari na wakulima na wauguzi huelewa mambo magumu kila siku mahakamani na hospitalini. Nikisikia kwamba kazi fulani haiwezi kuelezwa kwa mtu mwenye akili timamu, huanza kushuku mweleza.

Turudi New York. Baraza la Jiji lilibishana hadi mwishoni mwa 1992. Wengine walitaka raia watupu, wengine walitaka polisi wabaki. Nilikwenda mara moja kukaa katika viti vya wasikilizaji, juu, pamoja na mama wa Barbados aliyevaa mavazi yake ya kanisani. Mwishowe madiwani walikubaliana hivi: bodi itoke ndani ya idara ya polisi na iwe ya watu 13, wote raia wasio na ajira ya serikali. Watano wapendekezwe na Baraza la Jiji, mmoja kutoka kila sehemu tano za jiji. Watano wachaguliwe na meya. Watatu wapendekezwe na kamishna wa polisi, na hao watatu tu ndio waruhusiwe kuwa watu waliopata kufanya kazi ya ulinzi wa sheria. Malalamiko yasikilizwe na majopo ya watu wasiopungua watatu, na jopo lisiwe la walioteuliwa na ofisi moja peke yake. Bodi hiyo ikaanza Julai 1993. Dinkins alishindwa katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo, kwa kura chache, na aliyemshinda ni Rudolph Giuliani, ambaye siku ile ya Septemba alikuwa amehutubia mkutano wa askari. Bodi ikabaki.

Huo ndio mpango ninaouona kuwa karibu na haki kuliko yote niliyoisoma. Wajuzi wa kazi wapo, watatu kati ya kumi na watatu, kwa hiyo giza na panga zitatajwa mezani. Hawawezi kuamua peke yao. Wala meya hawezi, wala madiwani. Kila mwenye kuteua ana mkono wake, na hakuna mwenye ngoma nzima.

Lakini sitamdanganya msomaji kwamba mambo yalikwisha hapo. Julai 2014 Eric Garner alikabwa shingo na askari katika kisiwa cha Staten Island, akafa, na video ikaonekana dunia nzima. Bodi ndiyo iliyomshtaki askari yule mbele ya hakimu wa idara. Alifutwa kazi Agosti 2019, miaka mitano na mwezi mmoja baadaye, kwa sababu bodi inaweza kupendekeza tu. Neno la mwisho ni la kamishna wa polisi. Novemba 2019 wapiga kura waliongeza viti vikawa 15, wakampa mwenyekiti kuteuliwa kwa pamoja na meya na spika wa Baraza, na wakamlazimu kamishna aandike sababu zake kila akitofautiana na bodi. Aandike sababu; neno likabaki lake. Mwaka 2025, katika kesi ya Allan Feliz aliyeuawa kwa risasi na polisi mwaka 2019, hakimu wa idara alimwona askari ana hatia na kushauri afutwe kazi, na kamishna akakataa. Watu kumi na watano walioteuliwa kwa mizani nzuri, mwisho wa yote, waliandika barua kwa mtu mmoja.

Basi nikitazama kwetu naona mambo mawili, na inspekta wangu ameshika lile lisilofaa. Sisi hatukuipata IPOA kwa zawadi. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu 1,133 walikufa, na Tume ya Jaji Waki ikahesabu 405 kati yao kuwa walikufa kwa risasi. Tume hiyo ilipendekeza chombo huru, sheria ikapitishwa 2011, na bodi ya kwanza ikaanza kazi 2012. Sheria yenyewe ina mema mengi. Lakini mwenyekiti na wajumbe huchujwa na jopo, majina yakaidhinishwa na Bunge, na kalamu ya uteuzi ni ya Rais, ambaye ndiye pia humteua Inspekta Jenerali wa Polisi. Kazi ya bodi ikiisha, faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, naye aweza kulifungua au kuliweka juu ya kabati. Mimi najua faili hukaa vipi juu ya kabati.

Kwa hiyo wanaotaka kubadilisha sura ya bodi, na wabadilishe, lakini si kwa kuwatia askari. Wagawanye kalamu. Mikoa yetu ilikwisha kuwa kaunti 47 zenye mabunge yao. Kwa nini mabunge hayo yasipendekeze baadhi ya wajumbe, kama madiwani wa New York walivyopendekeza watano wao? Tukiambiwa viti vionyeshe sura ya taifa, wakubwa wetu husikia kabila. Mimi nasikia mtaa. Nataka katika meza ile awepo mama wa Kisauni ambaye mwanawe alichukuliwa usiku, na mtu wa Mathare anayejua risasi hupita dirisha lipi, na mtu wa Garissa aliyepigishwa foleni kuonyesha kitambulisho tangu utotoni. Wakili awepo mmoja, awasaidie kuandika. Na pendekezo la bodi likikataliwa, anayekataa aandike sababu zake na zitangazwe hadharani, kwa jina lake.

Inspekta wangu atasema kwamba mama aliyefiwa naye huvuta ngoma kwake. Huvuta, sikatai. Lakini mama huyo hatakaa katika kesi ya mwanawe, kama vile hakimu hakai katika kesi ya nduguye, na katika kesi ya mtoto wa jirani atauliza maswali ambayo sisi watano hatukuyauliza mwaka 1986. Nina hakika angeuliza habari za mvua.

Sura hii nitampelekea inspekta kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kitabu hiki nakichapisha kwa fedha zangu na nakala za kwanza ni za marafiki. Atakuja nayo kibarazani baada ya magharibi, kidole kimewekwa kwenye ukurasa. Atakunywa kahawa kwanza. Na najua swali atakaloanza nalo, kwa kuwa upelelezi haujamtoka: je, wakati ule mimi mwenyewe ningekubali mzazi, au imamu, au fundi wa mtaani aketi katika kamati yangu ya nidhamu?

Nisingekubali. Ningesema hawajui kazi ya ualimu.